Viganja vya Mpima Pamba

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwezi wa saba, katikati ya msimu wa kununua pamba, nilisimama mbele ya ghala la chama chetu cha msingi, nje kidogo ya Dutwa, nikawaambia watu wapatao arobaini kwamba ugonjwa wa mikono ya mpima wetu hauambukizi. "Si ukoma," nilisema. "Ni ugonjwa wa kurithi, uko kwenye ukoo wao." Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama kabla ya kuanza, kama mtu anayejua vizuri anachokwenda kusema. Maneno ya kwanza yalimwokolea kazi yake. Yaliyofuata yalimpotezea binti yake mchumba, maana kati ya wale arobaini alikuwepo mshenga aliyetoka Mwanhuzi.

Nitaeleza jinsi ilivyotokea. Kwanza nimweleze yeye, kwa sababu wengi waliomjua wanakumbuka mikono tu, na mtu hakuwa mikono tu.

Wote tulimwita Mpima. Kwa miaka mingi ndiye aliyesimama kwenye mizani ya chama, akitundika magunia ya pamba, akisoma uzito kwa sauti, na karani akiandika. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Viganja vyake vilikuwa na ngozi nene kama soli ya kandambili, ya rangi ya nta iliyokaa sana, na ngozi hiyo ilikoma ghafla kwenye kifundo cha mkono, ikiwa na ukingo mwekundu, kana kwamba amevaa glavu. Nyayo zake zilikuwa hivyo hivyo. Wakati wa kiangazi zilipasuka, na nyufa za visigino zilikuwa na kina cha kuweza kusimamisha shilingi. Alitembea kwa pembeni ya miguu, akiwa na katambuga za tairi alizozikata mwenyewe zikamzidi ukubwa, ili apate nafasi ya kuweka matambara.

Hakumpa mtu kiganja. Ukimwamkia "Mwangaluka, baba," alijibu "Mwangaluka, mhola?" na kukunyooshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyetoka kula au kushika tope. Wageni walidhani ana haraka. Sisi majirani tulizoea hata tukaanza kusalimiana hivyo sisi kwa sisi bila kufikiri. Nimewahi kumwona mchungaji akipewa kifundo kanisani, katika ibada ambayo hakuna aliyekuwa ametoka shambani.

Viganja hivyo havikuhisi vitu vidogo. Aliweza kuokota kaa la moto na kuliweka kwenye kiko cha jirani huku anaongea mambo mengine. Lakini hakuweza kujua kwa kushika kama pamba ni mbichi au kavu, na hiyo ni kazi ya mpima, kwa kuwa kila msimu wapo wanaomwagia pamba maji ili ipate uzito. Kwa hiyo aliipima kwa shavu. Alichota tonge la pamba katikati ya gunia, akaliweka shavuni, akafumba macho.

"Mpima, unaibusu pamba yangu?" mama mmoja alimuuliza siku moja, na foleni nzima ikacheka.

"Ningeibusu kama ingekuwa kavu, mayu. Hii imeoga asubuhi. Irudishe ukaianike."

Mama yule alirudi na gunia lake, akitukana kwa Kisukuma hadi alipopotea njiani. Kesho yake alileta pamba kavu, na Mpima akampimia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuonana.

Kauli yake ilikuwa moja: "Toa gunia kwanza." Maana yake ya kazi inajulikana. Gunia tupu nalo lina uzito, na usipoutoa, unalipwa kwa kitu kisicho pamba. Lakini aliitumia kila mahali. Mgombea akija kuhutubia kwa saa mbili, Mpima alisema, "Tutoe gunia, tuone pamba iliyobaki." Mtu akimsifia marehemu kupita kiasi, alisema vivyo hivyo, kwa sauti ya chini, hata msibani. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilichosha. Aliwahi kumpunguzia shemeji yake kilo mbili kwa sababu ya mawe aliyoyakuta kwenye pamba, kisha akaenda kula chakula cha mchana kwa shemeji huyo huyo.

Mimi nina duka la dawa hapa Dutwa. Niliishia darasa la saba, nikapata mafunzo mafupi ya kuuza dawa, na mengine yote nimejisomea. Mpima alikuja dukani mara ya kwanza kununua bandeji. Nilimwomba avue katambuga, nikakuta ameziba nyufa za visigino kwa gundi ya kubandikia viraka vya baiskeli.

"Inashika wiki mbili," alisema.

"Inafungia na uchafu ndani, mzee."

"Dawa yako wewe inashika wiki ngapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilisoma kila nilichopata kwenye simu na katika vitabu viwili vya zamani vya wauguzi. Nikajua kwamba ugonjwa huo ni wa nadra, hauponi, ila unaweza kulainishwa. Nikamwandikia utaratibu: kuloweka mikono na miguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa robo saa, kusugua kwa jiwe, kupaka mafuta ya kulainisha, kuvaa mfuko wa plastiki na soksi hadi asubuhi. Kila siku, bila kuacha. Karatasi hiyo aliibandika ukutani nyumbani kwake. Aliufuata utaratibu kwa siku kumi na moja.

Hilo ndilo lililonichosha kwake. Hakukataa jambo hata moja. Alikubali kila nililosema, kwa heshima, kisha akafanya la kwake, na la kwake lilikuwa na sababu kila mara. Jiwe la kusugulia lilikuwa linachelewesha, basi akatumia kisu cha kukatia kwato za ng'ombe, kila Jumapili baada ya ibada, akikaa kwenye kigoda nyuma ya zizi. Nilimwambia atajikata. Alijikata mara mbili. Vipande vya ngozi hakuvitupa wala kuvichoma. Alivichimbia kando ya zizi kwa ncha ya kisu kile kile, akasawazisha udongo kwa mguu.

"Kwa nini unavizika, mzee? Si wewe unasema mambo ya mizimu umeyaacha?"

"Nimeyaacha."

"Sasa?"

"Ni vya mama," alisema. Mama yake alikuwa na mikono kama hiyo.

Nilimpeleka Mwanza kwa daktari wa ngozi, kwa basi la kupitia Lamadi, akiwa amekaa dirishani na mikono ndani ya mifuko ya koti siku ya jua kali. Daktari aliandika krimu yenye urea. Tulipouliza bei famasini, kopo dogo, Mpima aliligeuzageuza, akalisoma, akalirudisha kwa muuzaji taratibu. Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona nikasikia harufu ya samli tangu mlangoni. Alikuwa ametwanga mbolea ya urea, ile ya kwenye mifuko ya kilo hamsini, akaichanganya na samli ya ng'ombe wake.

"Si ni ile ile?" aliniuliza.

"Ni ile ile," nilikiri, maana nilikuwa nimeisoma. "Tatizo ni kiasi. Umeweka kiasi gani?"

"Kiganja kimoja."

"Kiganja cha nani?"

"Changu."

Ngozi laini ya katikati ya vidole vyake ilikuwa imeungua, nyekundu kama nyama. Kwa wiki nzima hakuweza kushika kamba ya ndama. Hata leo sijui kama nilipaswa kumgombeza kwa kosa au kumsifu kwa hesabu.

Na mvua zilipoanza aliacha kila kitu. Kila mwaka, miezi mitatu ya kulima, kopo la mafuta lilikaa juu ya kabati limefungwa. Nilipomuuliza alinionyesha kiganja kilichokuwa kimelainika baada ya miezi ya kazi yangu, na malengelenge matatu makubwa juu yake.

"Ngozi uliyonipa haijui jembe," alisema.

Kwa hiyo kila msimu tulijenga, na kila mvua ikabomoa. Nilikuwa na daftari la maendeleo yake, lenye vipimo vya nyufa kwa milimita. Nilikuja kugundua kwamba kipimo cha mwaka wa tatu kilikuwa sawa na cha kwanza. Nililifunga daftari hilo nikaliweka chini ya droo.

Jambo jingine lililonikera ni uongo wake. Watu walipomuuliza kuhusu mikono, alisema iliharibika ujanani, alipofanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. "Mikono hii ni kazi," alisema. Mimi nilijua si kweli. Dada yake alikuwa nayo, na kati ya watoto wake watano, wawili walikuwa nayo, mvulana mkubwa na binti wa mwisho, ambao wote walikuwa wakiishi mbali. Nilidhani anasema hivyo kwa kutojua. Nilimweleza mara tatu kwa utaratibu, nikimchorea mababu na wajukuu kwenye karatasi. Alinisikiliza. Kesho yake nilimsikia akimwambia mteja wa chama habari za kiwanda.

Sasa nirudi kwenye ule mwezi wa saba. Mama mmoja alimwona Mpima kisimani akibandua ngozi ya kisigino, akaenda kusema kijijini kwamba ni ukoma. Ndani ya siku tatu wakulima wakaanza kukataa asiguse magunia yao. Wengine walifika na matambara ya kushikia ndoano ya mizani baada yake. Mwenyekiti wa chama akaitisha kikao ghalani ili wachague mpima mwingine. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kupoteza pamba kwa wanunuzi wengine.

Mpima hakunituma niseme neno. Lazima nilieleze hili vizuri. Asubuhi ile nilipopita kwake alikuwa anafunga mkanda wa suruali.

"Nitawaeleza ni kiwanda," alisema.

"Hawatakuamini. Wanasema ukoma."

"Basi watafute mpima mwingine."

"Mzee, acha mimi niseme."

"Sema hauambukizi," alisema. "Ishia hapo."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye. Wakati ule niliyasikia kama mtu anavyosikia maneno ya mgonjwa asiyejua faida ya maelezo kamili. Nilikuwa na karatasi nane mkononi. Niliwaeleza watu dalili za ukoma moja baada ya nyingine, nikawaonyesha kwamba yeye hana hata moja, na karani akakubali kwa kichwa. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa kama si ukoma, ni nini?" Nikajibu. Mtu aliyesoma kitu kwa shida hawezi kukinyamazia.

Mwenyekiti alikuja mbele akamshika Mpima kiganja hadharani. Watu wakapiga makofi. Mpima aliuacha mkono wake ushikwe, hakumtazama mwenyekiti, alikuwa anamtazama mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama aliyesimama karibu na mlango. Kisha akasema, kwa sauti yake ndogo, "Leteni gunia linalofuata."

Nilirudi dukani nimefurahi. Jioni mke wa Mpima alikuja. Hakukaa.

"Mshenga ameondoka," alisema. "Uji niliomkorogea hakuunywa."

"Mshenga gani, mama?"

"Wa binti yetu wa pili. Walishakubaliana ng'ombe kumi na wanne. Alikuja kutaja siku ya kuwaleta." Alishika ukingo wa kaunta yangu. "Baba yake amesema kiwanda, kiwanda, miaka yote. Wewe ulidhani hajui?"

Siku nne baadaye ujumbe ulifika kutoka Mwanhuzi. Ulikuwa wa adabu. Walisema familia yao imeona vyema wasubiri kwanza. Kila mtu hapa anajua kusubiri huko kunamaanisha nini. Ukoma ungemgusa yeye peke yake. Urithi uliwagusa mabinti.

Nilikwenda tena Mwanza, peke yangu, nikamweleza daktari ukoo mzima. Aliniuliza swali moja ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Huyo binti aliyechumbiwa, viganja vyake vikoje?"

"Safi. Laini kabisa."

"Na ni mtu mzima?"

"Ndiyo."

"Basi kwa ugonjwa wa aina hii, jinsi unavyokwenda katika ukoo huo, yeye hanao, na hana cha kuwapa watoto wake. Ungewaambia na hilo."

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza nikauamini, na wa pili sikuufikia. Niliomba aniandikie. Nilipanda pikipiki hadi Mwanhuzi, nchi kavu, vumbi hadi kwenye meno, nikalipata boma la wale watu. Baba wa kijana alinipa maziwa, akanisikiliza hadi mwisho, akaisoma karatasi ya daktari mwenyewe.

"Karatasi nzuri," alisema. "Ungetangulia nayo ghalani. Sasa ng'ombe wameshakwenda kwingine."

Karatasi ile nilimwachia mke wa Mpima. Baada ya hapo nilianza kumpa Mpima mafuta bure, kopo moja kila mwezi. Hakushukuru na hakukataa. Alipokea, akafungua, akanusa, akarudi nalo nyumbani, na kwenye ukuta wa ghala lake dogo la mahindi akachora mstari wa mkaa, kama alivyokuwa akihesabu magunia: minne imesimama, wa tano umekata katikati. Nilidhani anahesabu siku za dawa. Nilifurahi, nikasema hatimaye amekuwa mgonjwa mwenye utaratibu. Miezi ya kulima hakuja kuchukua kopo, na mimi sikumpelekea. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka sita. Juu ya lile jambo hatukuzungumza hata siku moja. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza bei ya pamba.

Binti aliolewa miaka mitatu baadaye na fundi baiskeli wa hapa hapa Dutwa, kijana mzuri, kwa ng'ombe watano. Nilikuwepo. Mpima alikaa kwenye kiti chake, mikono ndani ya mifuko ya koti.

Mwaka huu chama kimeleta mizani ya betri inayoonyesha namba zenyewe, na Mpima amepumzishwa. Mwezi uliopita nilimpelekea kopo nyumbani kwa sababu hakuja kulichukua. Nilimkuta kwenye kigoda nyuma ya zizi, bila kisu. Binti yake wa pili alikuwa amekuja kumsalimia, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alinisalimia kwa kupiga goti, kama kawaida, na mimi kama kawaida sikujua nitazame wapi. Mtoto wake, wa miaka miwili hivi, alikuwa anachezea mfuniko wa kopo la zamani.

"Njoo," Mpima alimwambia mtoto. Akamketisha pajani, akaikunjua mikono yake midogo, akanionyesha viganja. Vilikuwa laini, vyenye mistari yote.

"Daktari wako alisema kweli," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ungeanza na hii."

Binti aliendelea na mchele. Mimi nilisema nilichopaswa kusema miaka sita iliyopita, kwamba aliniambia niishie pale na mimi sikuishia. Nilisema nimekosa. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku zote, hadi mwisho, bila kukatiza.

"Walikuwa kumi na wanne," alisema kisha. "Wakaja watano. Tofauti?"

"Tisa."

"Mwaka ule ng'ombe wa wastani laki sita. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Niliandika nyuma ya risiti: milioni tano na laki nne.

"Baba," binti alisema bila kuinua macho, "mwache mtu wa watu."

"Simdai. Napima." Alinyoosha kidole kinene kuelekea ghala la mahindi. "Nenda kahesabu mistari ukutani."

Nilikwenda nikahesabu. Ilikuwa hamsini na minne, miezi tisa kila mwaka kwa miaka sita. Miezi ya kulima hakuitia, ingawa angeweza. Niliporudi aliniuliza bei ya kopo, nikamwambia elfu tano. Alifumba macho kidogo, kama alipokuwa akiweka pamba shavuni.

"Laki mbili na elfu sabini," alisema. "Hiyo umeshaileta. Toa gunia, ng'wanawane, mwanangu."

Nikatoa. Alininyooshea mkono. Hakikuwa kifundo. Nilikishika kiganja, kigumu, kikavu, chenye ufa mmoja mpya chini ya kidole gumba ambao utahitaji kulowekwa. Alikiacha mkononi mwangu hadi nilipomsomea kwa sauti uzito uliobaki: milioni tano, laki moja na elfu thelathini.